Bastola ya fataki na goroli: maswali mnayouliza kila siku kuhusu kununua nakala na kuifanyia ufundi

Maswali ni yale yale yanarudi kila wiki, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Mengi ni kwa ndugu zetu walioko Marekani maana huko ndiko mchezo huu uliko na ndiko unaruhusiwa kirahisi, ila nimegusa na nchi nyingine kidogo. Ukiwa na haraka ruka mpaka kwenye kabari na fataki, hapo ndipo asilimia kubwa ya matatizo yenu yapo.

Kwanza hii ni bastola ya aina gani?

Ni rivolva ya kabla ya risasi zenye ganda. Kila chumba cha silinda unakijaza mwenyewe kwa mbele, unatia baruti nyeusi, unaweka goroli ya madini ya risasi juu yake, unashindilia na ule wenzo ulio chini ya mtutu, halafu mwisho kabisa nyuma ya kila chumba unavalisha fataki (kikofia kidogo chenye kilipuzi) kwenye nipeli (kijibomba chenye tundu). Nyundo ikigonga fataki moto unapita kwenye tundu la nipeli unaingia kwenye baruti, basi. Samuel Colt alianza kuzitengeneza Paterson, New Jersey mwaka 1836, ikaja Walker ya 1847 ambayo ni dude la kilo mbili na ushee, ikaja Navy ya 1851, Army ya 1860, na upande wa pili akina Remington na yao. Miaka ya 1870 risasi za ganda zikazifukuza sokoni.

Tunazonunua sisi ni nakala na karibu zote zinatoka Italia, mkoa wa Brescia, pale Gardone Val Trompia na miji ya jirani ambako watu wanatengeneza silaha toka enzi za mababu. Biashara ya nakala ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani wakijiandaa kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kila mtu akataka bastola kama ya babu. Uberti walianza 1959 na Pietta hawakuchelewa kufuata.

Ni kweli hazihitaji leseni?

Jibu ni inategemea uko wapi, na usimsikilize mtu anayekujibu kwa neno moja. Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaziweka nakala hizi kwenye kundi la silaha za kale, kwa hiyo majimbo mengi unaagiza inakuja mpaka mlangoni. Lakini majimbo yana sheria zake, New Jersey kwa mfano wanaihesabu kama bastola nyingine yoyote na lazima uwe na kibali. Na hata kwenye majimbo yaliyolegea, ukiibeba imejazwa mtaani ni bastola tu mbele ya polisi. Kama wewe bado uko kwenye makaratasi ya uhamiaji au umewahi kuwa na kesi yoyote, ongea na mwanasheria kabla hujatoa hela, dola mia mbili za ushauri ni nafuu kuliko matatizo.

Uingereza inahitaji cheti cha silaha, ile marufuku ya bastola ya 1997 haikuzigusa hizi za kujaza mbele lakini cheti lazima. Ujerumani rivolva inataka kibali na baruti nayo inataka kibali chake peke yake. Canada toka Oktoba 2022 ununuzi wa bastola umefungwa na nakala za rivolva za fataki zimo humo humo. Nyumbani Kenya, Tanzania, Uganda, hiyo ni silaha, nukta.

Colt au Remington?

Hapa watu hugombana. Colt haina chuma juu ya silinda, iko wazi, mtutu umeshikwa na mhimili mnene wa katikati na kabari inayopita pembeni. Remington ina fremu inayozunguka silinda juu na chini kwa hiyo ni ngumu zaidi, haina kabari ya kuhangaika nayo, na silinda unaitoa kwa sekunde chache: vuta nyundo nusu, teremsha wenzo, vuta pini, silinda hiyo mkononi. Kama hutaki ufundi mwingi chukua Remington na usiangalie nyuma.

Ila sasa Remington ina ugonjwa wake. Pini yake ya katikati ni nyembamba na laini haina pa kukaa grisi, masizi ya baruti yakiingia silinda inaanza kuwa nzito ukishapiga mizunguko miwili mitatu, unabaki unaifuta na kitambaa. Mhimili wa Colt ni mnene na una mifereji ya kushika grisi, ukiipaka vizuri unapiga mchana kutwa. Colt pia inakaa mkononi vizuri zaidi, hilo hata wapenzi wa Remington wanakubali wakiwa peke yao. Mimi niko upande wa Colt, lakini ndiyo yenye kazi zaidi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya haya majibu inahusu Colt.

Halafu mkiona imeandikwa "Remington 1858" msidhani ndiyo mwaka iliyotengenezwa, 1858 ni tarehe ya hataza iliyopigwa kwenye mtutu. Yenyewe ile mnayoijua ilianza kutoka kiwandani wakati vita tayari imepamba moto.

Fremu ya shaba ya njano ni nzuri? Ni bei rahisi sana

Ni bei rahisi kwa sababu. Shaba ni laini. Ukipiga mzigo mkubwa wa baruti kwenye .44 (hiyo ni kaliba, yaani ukubwa wa tundu la mtutu) mara kwa mara silinda inarudi nyuma inagonga fremu, inaacha alama ya duara pale nyuma, na mhimili ambao umefungwa kwenye hiyo shaba unaanza kulegea. Ukishalegea hiyo bastola ni pambo la ukutani. Ukiwa nayo tayari, sawa, piga mzigo mdogo tu itakaa miaka mingi. Kama hujanunua ongeza hela uchukue chuma.

Watu hupenda kusema shaba sio ya kihistoria. Ilikuwepo. Majimbo ya Kusini chuma kiliwaadimikia wakatengeneza za fremu ya shaba, maarufu ni za Griswold & Gunnison kule Georgia, karibu 3,700, kaliba .36. Na kati ya mafundi 24 waliokuwa kwenye kile kiwanda, 22 walikuwa watumwa weusi. Kwa hiyo ukishika nakala ya ile bastola ujue mikono iliyotengeneza ya asili ilikuwa ya nani, na walikuwa wanaitengeneza kwa ajili ya nani. Duka haliandiki hiyo kwenye boksi.

Kisichokuwepo kabisa ni Navy ya 1851 ya kaliba .44. Ya asili ilikuwa .36 tu. Wanauza kwa sababu watu wanataka tundu kubwa, sio dhambi, ila usiuziwe kwa bei ya historia.

.36 au .44 kwa anayeanza?

.36. Inakula baruti kidogo, inakula risasi kidogo, inarudi nyuma taratibu na kwenye karatasi ya shabaha tundu ni tundu. .44 ikija baadaye utaifurahia zaidi.

Uberti au Pietta?

Zamani jibu lilikuwa Uberti, siku hizi sio rahisi hivyo. Uberti umaliziaji wake ni mzuri, maumbo yako karibu zaidi na ya asili, rangi nzuri, na bei iko juu. Tatizo kubwa la Colt za Uberti ni mhimili kuwa mfupi, nitaeleza chini. Pietta toka waingie mashine za kompyuta wamepanda sana, mhimili wao kwa kawaida unafika panapotakiwa, ila vyumba vya silinda kwenye nyingi ni vidogo kuliko mifereji ya mtutu, maana yake goroli inakatwa ndogo halafu inapita kwenye mtutu inapwaya. Hiyo inatibika kwa kupanua vyumba, ni kazi ya fundi mwenye mashine, sio ya drili ya nyumbani tafadhali.

Kwa hiyo Uberti unanunua uzuri unatengeneza mhimili, Pietta unanunua nafuu na huenda usitengeneze kitu kikubwa. Mwenye bajeti ndogo achukue Pietta ya chuma na atulie.

Nimeona iliyotumika, niangalie nini?

Muulize mwenye nayo kwanza kama imejazwa, na hata akisema hapana, wewe mwenyewe angalia nipeli hazina fataki na vyumba viko tupu. Sio kumvunjia heshima, ni kawaida ya watu wa silaha wote.

Halafu fungua. Muuzaji asiyetaka uifungue muage kwa adabu uondoke. Tazama ndani ya mtutu na taa, kutu ya baruti nyeusi inakula vishimo vidogo vidogo na havifutiki. Tazama ndani ya vyumba vya silinda pia, watu husahau. Tazama nipeli kama zinafunguka, zilizogandishwa na kutu ni balaa. Tikisa mtutu ukiwa umefungwa kabari yake, ukicheza jiulize kwa nini. Koki taratibu chumba kimoja kimoja vyote sita, usikoki kwa kasi maana kasi inaficha ubovu, komeo la silinda linatakiwa lianguke "klik" kwenye pengo lake kabla au sambamba na nyundo kufika mwisho. Na vichwa vya skrubu vikiwa vimechanika, ujue kuna mtu kapita na bisibisi ya jikoni na Mungu ndiye anajua kafanya nini ndani.

Ukitaka kujua ni ya lini, tafuta herufi mbili ndani ya kiboksi kidogo kwenye fremu, ni alama ya mwaka ya nyumba ya ukaguzi ya Gardone, mfululizo wa herufi hizo ulianza na AA mwaka 1975. Kabla ya hapo walitumia namba za Kirumi. Utaona pia PN, maana yake imepimwa kwa baruti nyeusi.

Bei ikoje, na ninunue nini pamoja nayo?

Za shaba zinaanza chini kidogo ya dola mia tatu, za chuma tegemea mia tatu na kitu mpaka mia tano, Walker na Dragoon (Colt nyingine kubwa) juu zaidi. Lakini weka pembeni hela nyingine ya vitu vyake: baruti, fataki, goroli, chupa ya baruti yenye kipimo, ufunguo wa nipeli, bisibisi za watengeneza bunduki ambazo ncha yake inajaa pengo la skrubu, miwani na vizuia sauti. Baruti ukiagiza itumwe kuna ada ya vitu hatari, kwa hiyo ungeni watu watatu wanne muagize pamoja.

Goroli: kwa .36 nunua .375, kwa .44 nunua .451 au .454 kutegemea silinda yako, kwa .31 ni .319 mpaka .321. Goroli inatakiwa iwe kubwa kidogo kuliko chumba ili ukishindilia ikatwe kipete chembamba cha risasi pembeni. Kipete kikitoka kizima ujue imeziba vizuri. Isipotoka kabisa, goroli ni ndogo, usipige. Na iwe ya madini ya risasi laini tupu, ngumu zile za kuyeyusha vipande vya kusawazisha magurudumu ya gari zitavunja wenzo wako.

Imefika. Nianze wapi?

Usianze kwa kupiga. Inakuja imejaa grisi nzito ya kiwandani, ifungue yote, oshea na maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, halafu itazame polepole ukiwa na taa nzuri. Ndani ya bastola ya Colt kuna vitu vichache mno: nyundo, mkono unaozungusha silinda, komeo, traiga, springi kubwa na springi ndogo ya panda mbili ya komeo na traiga. Kwa hiyo kila kitu unakiona. Utakuta kingo kali na mabaki ya chuma ambayo kiwanda hakikusafisha. Hayo pitisha jiwe laini la kunolea au msasa namba 600 na mafuta, unaondoa ukali tu, hubadilishi umbo. Gusa upande wa nyundo unaosugua fremu, upande wa mkono, mgongo wa komeo. Ukimaliza hapo tu bastola inakuwa nyingine, kazi ya jioni moja.

Kitu ambacho wengi hawataki kusikia: kuifanyia ufundi hii bastola ni kuifanya vitu vikae sehemu zake. Watu wanakimbilia traiga nyepesi wakati mtutu wenyewe unacheza.

Kabari niigonge mpaka wapi? Nikiigonga sana silinda inakwama

Hapa sasa tukae kidogo.

Kwenye Colt mhimili unaingia kwenye shimo la chini ya mtutu, na ncha yake inatakiwa iguse mwisho wa shimo. Ikigusa, kabari inavuta mtutu nyuma mpaka unakaza kwenye mhimili na pia kwenye fremu kwa chini, vitu vitatu vinakuwa kitu kimoja. Ikiwa mhimili ni mfupi, hakuna kinachouzuia, kabari inavyozidi kuingia mtutu unainama unarudi nyuma mpaka unabana silinda. Ukiilegeza kabari nafasi inafunguka na mtutu unatetemeka kila ukipiga. Matokeo yake kila siku unapiga bastola yenye kipimo tofauti, leo iko chini kesho iko juu, unalaumu macho.

Kupima ni rahisi na hakutaki kifaa. Toa kabari na mtutu, toa silinda, halafu urudishe mtutu peke yake kwenye mhimili lakini uugeuze pembeni kidogo ili ule mguu wa chini wa mtutu upite ubavuni mwa fremu badala ya kuikuta uso kwa uso. Usukume mpaka ugome. Sasa tazama: mguu wa mtutu ukiishia sawasawa na uso wa fremu, mhimili wako ni sahihi. Ukipitiliza nyuma ya uso wa fremu, ni mfupi kwa kiasi hicho unachokiona.

Dawa yake ni kujaza kile kiasi ndani ya shimo. Wengine wanatumbukiza washa nyembamba za chuma mpaka zifike, wengine wanatengeneza kitufe cha chuma wanakigandisha kwa gundi ya epoksi ya chuma halafu wanakisugua kidogo kidogo wakipima. Njia zote mbili zinafanya kazi, ya kitufe inakaa milele. Ukifika sawa, weka silinda na kabari, gonga kabari kwa nyundo ya plastiki mpaka ikaze, kisha ingiza fila geji (vijibati vya kupimia nafasi) kati ya silinda na mtutu nyundo ikiwa imekokiwa. Milimita 0.1 hivi ni pazuri. Ikiwa chini ya hapo masizi yataikwamisha, ikiwa zaidi ya 0.2 unapoteza moto pembeni.

Kuanzia hapo kabari unaigonga ikaze kila siku sehemu ile ile, hakuna tena kubahatisha. Kama utafanya kitu kimoja tu kwenye Uberti yako, fanya hiki.

Fataki zinadondokea ndani ya nyundo na kuikwamisha, nifanyeje?

Hiyo ndiyo kero namba moja ya Colt na inawafanya watu wauze bastola nzuri kabisa. Ukipiga, moto mwingine unarudi nyuma kupitia tundu la nipeli, unaisukuma nyundo kidogo na fataki inapasuka vipande. Ukikoki, kipande kinavutwa na nyundo au kinaanguka kwenye mashine.

Anza na nipeli. Za kiwandani mara nyingi zina tundu pana na koni isiyolingana na fataki zetu. Badilisha, ni kitu cha bei ndogo kwa faida kubwa. Kuna za Treso za bronzi zenye tundu dogo, kuna za Slix-Shot ambazo zina vitundu vya pembeni vya kupumulia. Hakikisha uzi wake unafanana na wa bastola yako, usilazimishe uzi. Kisha jaribu fataki namba 10 na namba 11 uone ipi inakaa mpaka chini kwa kusukuma na kijiti cha mbao. Ikibaki juu kidogo, kipigo cha kwanza cha nyundo kinaisukuma tu na cha pili ndicho kinaiwasha, halafu mtu anaanza kusema springi ni dhaifu. Unaweza kuifunga nipeli kwenye drili ukapunguza koni kwa msasa laini sana, kidogo, unapima, kidogo tena. Ukiona unaiminya fataki kwa vidole ili ikae, ujue bado hujapata saizi, kuminya ni dawa ya dharura tu. Na kamwe usiisukume fataki ikae kwa kutumia nyundo ya bastola, chumba kikiwa kimejazwa hiyo ni kupiga risasi bila kukusudia.

Nyundo ikiwa chini haitakiwi kugusa nipeli, iache nafasi nyembamba kama karatasi. Ikigusa itazipanua vichwa na fataki hazitavaa tena.

Usipunguze springi kubwa kupita kiasi. Inaleta koki tamu lakini nyundo nyepesi ndiyo inayosukumwa nyuma na moto, kwa hiyo umejiongezea fataki zinazopasuka. Nimeona mtu kalainisha springi mpaka mtoto anakoki, halafu analalamika inakwama kila mzunguko.

Kuna mafundi wanaoweka kipini kidogo kwenye fremu ndani ya pengo la nyundo ili kizuie kipande cha fataki kisifuate nyundo. Kinafanya kazi vizuri sana. Ni kutoboa fremu kwa hiyo kama huna mkono wa kazi mpe anayejua. Usipoweka, mazoea ya zamani yanasaidia: ukikoki inua mdomo wa mtutu uelekee juu kidogo kuelekea kwenye kizuizi cha shabaha, kipande kinaanguka pembeni badala ya ndani.

Kuna mstari umeanza kujichora kuzunguka silinda, ni ubovu?

Komeo linaanguka mapema kabla ya kufika kwenye njia ya pengo lake, linaburuza kwenye silinda. Mstari hafifu wa rangi ni kawaida kwa nakala nyingi na hauumizi kitu zaidi ya moyo, hasa kama unapenda ile picha ya vita vya majini iliyochorwa kwenye silinda ya Navy, ile ya mapigano ya Campeche ya 1843. Mfereji wa kushika kucha ni jambo jingine, hapo shughulika.

Kwanza lainisha kichwa cha komeo kisiwe na kona kali, mara nyingi hapo panatosha. Kama linachelewa, yaani nyundo imefika mwisho na komeo bado, mguu wake unaopanda kwenye kigongo cha nyundo ndio unasuguliwa kidogo ili uachie mapema. Kama linawahi sana, kusugua kutazidisha, hapo unahitaji komeo jipya. Na kama silinda imeshafungwa lakini nyundo inagoma kumalizia, mkono ni mrefu, ncha yake inapunguzwa kwa unywele. Nunua komeo na mkono wa akiba kabla hujagusa vya asili, tupa ni rafiki ya haraka ila chuma ukishakiondoa hakirudi.

Nataka traiga nyepesi

Iache. Pengo la koki kwenye nyundo ndilo linaloshikilia kila kitu, ukilisugua kwa jicho bila kishikizi maalumu unabadilisha pembe na bastola itakuja kujipigia yenyewe ukiikoki. Badilisha springi ndogo ya komeo na traiga uweke ile ya waya, inapunguza uzito wa traiga na pia haivunjiki kirahisi kama ile bapa ya kiwandani. Ukitaka zaidi ya hapo mlipe fundi.

Inapiga juu sana

Kawaida. Colt zilipangwa kupiga mbali, yadi 75 hivi, kwa hiyo kwenye yadi 15 au 25 risasi inakwenda juu ya pale ulipolenga, inchi kadhaa. Weka kilengeo cha mbele kirefu zaidi, anza kirefu kupita kiasi halafu kipunguze kwa tupa siku ya mazoezi mpaka ifike. Kilengeo cha nyuma cha Colt ni kipengo kwenye nyundo, unaweza kukichimba zaidi ila mbele ni rahisi kurudi ukikosea.

Nijaze baruti kiasi gani?

Baruti nyeusi ya FFFg (ya chembe ndogo) au mbadala wake uliotengenezwa kwa silaha hizi kama Pyrodex au Triple Seven, ukifuata maelekezo ya kopo. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii humu hata chembe, itapasua silinda na mkono wako. Kwa .36 ya chuma anza greni 20 (greni ni kipimo kidogo cha baruti) kwa kipimo cha ujazo, kwa .44 ya chuma 25, kwa .44 ya shaba 15 mpaka 20 na ubaki hapo. Walker ya asili ilikuwa inakula greni 60 na silinda zilikuwa zinapasuka, sio mfano wa kuiga.

Goroli lazima ikae juu ya baruti bila nafasi ya hewa. Mzigo ukiwa mdogo goroli inashuka chini sana chumbani, kwa hiyo watu hujaza katikati na unga wa mahindi mkavu. Ndiyo, unga wa ugali, unafanya kazi vizuri tu. Baruti unamimina kwa kipimo kila mara, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kukiwa na cheche iliyobaki chumbani chupa nzima inakuwa bomu mkononi. Fataki ni za mwisho kabisa, ukiwa mstarini umeelekeza mbele.

Vyumba viwili vinaweza kulipuka kwa pamoja?

Inatokea. Moto unaingia kwenye chumba cha jirani kwa mbele kama goroli haijaziba, au kwa nyuma kama fataki imelegea au imedondoka. Kinga ni goroli inayokatwa kipete, fataki inayokaa vizuri, na kitambaa cha sufi kilicholowa nta kati ya baruti na goroli au grisi juu ya goroli. Mimi napendelea sufi, grisi ya juu jua la Texas linaiyeyusha na nusu yake inaishia kwenye suruali.

Kusafisha?

Siku hiyo hiyo. Sio kesho. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu na asubuhi utakuta kutu. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, brashi, toa nipeli, suuza, kausha kwenye oveni ya moto mdogo kabisa baada ya kuondoa mbao, halafu paka mafuta ingali ya vuguvugu. Ballistol ni nzuri. Mafuta ya injini na ya petroli yakikutana na masizi yanakuwa lami, kwa hiyo sehemu za moto tumia ya asili, nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, hata ya zeituni. Uzi wa nipeli upake grisi kila unaporudisha. Mama mwenye nyumba akilalamika harufu ya mayai viza jikoni, ni salfa hiyo, fungua dirisha.

Naweza kusafiri nayo kwenda kumwonyesha mzee nyumbani?

Hapana. Hata ukisema ni pambo, forodha ya Dar au Nairobi wataona silaha na wewe utakuwa na maelezo marefu polisi. Na ndani ya Marekani kwenyewe bastola tupu inaweza kwenda kwenye mzigo wa chini ukiitangaza kwa shirika la ndege, lakini baruti na fataki haziruhusiwi kabisa, si juu si chini, na bastola yenyewe iwe imesafishwa isibaki na masizi. Mpigie mzee video.

Kitu gani kinavunjika zaidi, niweke akiba gani?

Springi ndogo ya komeo na traiga ikiwa ni ile bapa, springi ya mkono, na kwa waliobahatika kuwa na kabari laini, kabari. Weka na seti moja ya nipeli na skrubu mbili tatu. Agiza za mtengenezaji wa bastola yako, ya Pietta haiingii Uberti bila kusuguliwa na wakati mwingine hata ya Uberti mpya haiingii Uberti ya zamani.